Mgeni Aliyepewa Jembe: Siku za Kwanza za Dakta Krapf Mombasa

Msomaji kijana, kama umepata kufika Mombasa, huenda umevuka kutoka kisiwani kwenda upande wa Nyali. Huko, katika pwani ya bara inayotazamana na Mji wa Kale, liko kaburi la mwanamke mmoja Mzungu na mtoto wake mchanga. Watu wengi hupita karibu nalo bila kujua habari zake. Magari huenda na kurudi, wavuvi hupitisha mitumbwi yao, wala ni wachache waulizao: Huyu alikuwa nani, na alitafuta nini hata akaja kufia mbali na kwao namna hii?

Jina lake lilikuwa Rosine. Mumewe aliitwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, mhubiri wa dini ya Kikristo, naye ndiye wa kwanza aliyekuja kukaa katika pwani yetu kwa kutumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, ambacho watu wengi hukijua kwa herufi zake tatu, C.M.S. Bila shaka umelisoma jina lake katika vitabu vya historia, na yamkini unakumbuka kwamba ndiye aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849 na kupeleka habari zake Ulaya. Lakini katika insha hii sitaki tuanze na mlima. Nataka tutazame mwanzo wake, siku zile alipokuwa mgeni kwetu, hajui lugha, hajui njia za bara, wala hajui kama ataumaliza mwaka.

Wazee wetu husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maneno haya umeyasikia tangu utotoni. Maana yake ni kwamba mgeni hustahili heshima na chakula, lakini akitaka kukaa hana budi kuinama ashike kazi ya wenyeji. Basi tuulize: Krapf alipewa jembe gani katika nchi hii, na ni nani waliompa?

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mwanafunzi kama wewe aliangalia ramani ya Afrika, akashangaa kuona kwamba pande za mashariki zilikuwa na majina machache sana, na mahali pengine pakiwa peupe kabisa. Jambo hilo likamkaa moyoni. Yafaa ulikumbuke, kwa sababu tutairudia ramani hiyo kabla ya kumaliza.

Alipokuwa mtu mzima alisomea dini, na mwaka 1837 akapelekwa Habeshi, yaani Ethiopia ya leo. Huko alijifunza Kiamhari, akakaa muda katika ufalme wa Shoa, akasikia habari nyingi za Waoromo, ambao Wazungu wa siku hizo waliwaita Wagala. Akashika wazo kwamba watu hao wakiipokea Injili, Afrika Mashariki nzima itaipokea. Lakini milango ya Habeshi ikafungwa mbele yake. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri, nao wakajaribu kurudi Habeshi kwa njia nyingine wakashindwa. Katika safari hiyo ya taabu Rosine alijifungua mtoto njiani jangwani, na mtoto akafa. Krapf akamwita jina la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Mtu mwingine angalirudi kwao. Krapf akafikiri hivi: kama nimezuiliwa kuwafikia Waoromo kwa upande wa kaskazini, nitazunguka kwa bahari niwafikie kwa upande wa kusini. Na hivyo ndivyo alivyofikia kwetu. Hakuja kwa kutupenda sisi, watu wa pwani, wala hakuja kwa kujua chochote juu yetu. Alikuja kutafuta njia ya kwenda kwa watu wengine. Sisemi hivi ili kumvunjia heshima. Nasema kwa sababu ni kweli, na historia ni kazi ya kusema kweli.

Mwezi wa Novemba 1843, wakati pepo za kaskazi zilipoanza kuvuma, Krapf na mkewe walipanda chombo cha Waarabu huko Aden. Chombo kile kilikuwa kibovu. Walipofika mbali kidogo kikaingiza maji mengi, ikawa kuteka na kumwaga, kuteka na kumwaga, hata wakakata tamaa. Kwa shida wakaokolewa, wakarudi Aden walikotoka. Hawakukaa sana. Wakatafuta chombo kingine, wakashika tena njia ya kusini, wakipitia pwani ya Wasomali na ya kwetu. Mwanzoni mwa Januari 1844 walitia nanga Mombasa kwa muda mfupi, na tarehe 7 Januari wakafika Unguja.

Unguja wakati huo ilikuwa ndiyo kiti cha Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyeuhamishia utawala wake kisiwani na kuifanya karafuu kuwa mali kubwa ya nchi. Bendera yake ilipepea katika miji mingi ya pwani. Balozi wa Uingereza huko, Kapteni Hamerton, alimpeleka Krapf kwa Sayyid. Mtawala yule alitoka nje ya jumba lake kumlaki mgeni, akamsikiliza habari zake za Habeshi na nia yake ya kwenda kuhubiri, akamwonya kwamba safari za bara zina hatari nyingi. Kisha akampa barua kwa magavana wake wote, akiwaamuru wamtendee mema na kumsaidia, kwa kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu.

Tafakari kidogo hapo, msomaji. Mtawala Mwislamu alimpa barua ya njia mhubiri Mkristo, akijua vizuri amekuja kufanya nini. Krapf mwenyewe aliitunza kumbukumbu ya barua ile katika kitabu chake. Lakini pia tusisahau jambo la pili. Mji huo huo uliompokea kwa adabu ulikuwa na soko la watumwa, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa waliotolewa bara. Mkataba wa kuzuia watumwa wasipelekwe Arabuni ulifanywa mwaka 1845, na soko la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Ukarimu na udhalimu vilikaa katika mji mmoja, chini ya bendera moja. Hivyo ndivyo ilivyo historia mara nyingi, na mwanafunzi mwema hachagui upande mmoja akauficha mwingine.

Wako waliomshauri Krapf abaki Unguja, penye balozi na wafanyi biashara wa nchi za ng'ambo. Yeye hakukubali. Mwezi wa Machi alisafiri katika pwani kutafuta mahali pa kuanzia, akaona kwamba Mombasa ndiyo iliyo karibu na watu wa bara. Mwezi wa Mei akahamia huko pamoja na Rosine.

Mombasa waliyoikuta ilikuwaje? Usidhani ya kuwa ulikuwa mji usio na elimu ukimngoja Mzungu aje kuutia nuru. Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa imesimama muda wa miaka mia mbili na hamsini. Wareno walikuwa wameondoka zamani, na utawala wa Wamazrui, walioishika Mombasa karibu miaka mia, ulikuwa umevunjwa na Sayyid Said mwaka 1837, yaani miaka saba tu kabla ya Krapf kufika. Askari wa Kibaluchi walilinda ngome. Gavana aliyekuwako, Ali bin Nasser, alikuwa amekwisha kutumwa London kuwa mjumbe wa Sayyid. Kulikuwa na misikiti, vyuo vya kusomea Kurani, na watu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alikuwa amefariki yapata miaka minne tu, na mashairi yake bado yalikuwa vinywani mwa watu. Kutoka bara walikuja Mijikenda na sandarusi, nafaka na pembe za ndovu, wakauziana na Waswahili.

Katika mji huo Krapf na mkewe walikuwa kama kuku mweupe, maana wenyeji husema kwamba mgeni ni kuku mweupe: kila aendapo huonekana. Hakuweza kuhubiri, kwa sababu hakuwa na maneno. Kiarabu alikijua, nacho kilimsaidia kuzungumza na wakubwa na wanazuoni. Lakini mwuza samaki, mchukuzi wa maji, mwanamke wa Kidigo aliyeleta mahindi sokoni, hao wote hawakuwa na haja na Kiarabu chake wala Kijerumani chake. Mtu aliyesoma chuoni, aliyejua lugha za Biblia na za Habeshi, akajiona amekuwa mtoto mchanga tena, asiyeweza kuomba hata maji.

Hapo ndipo alipopewa jembe lake. Jembe lenyewe lilikuwa lugha ya Kiswahili.

Tarehe 8 Juni 1844, kabla hajatimiza miezi miwili katika nyumba yake mpya, Krapf alianza kukifasiri kitabu cha kwanza cha Musa kwa Kiswahili. Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Aliyeketi naye, akamfungulia maana ya maneno, alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Kadhi ni hakimu wa sheria ya Kiislamu, mtu wa heshima kubwa katika mji. Yeye hakuwa na haja ya fedha za mgeni wala ya dini yake. Lakini kitabu kile kilieleza habari za kuumbwa ulimwengu, na za Adamu, Nuhu na Ibrahimu, watu ambao Waislamu nao wanawajua na kuwaheshimu. Basi juu ya mambo hayo Mwislamu na Mkristo waliweza kuketi mkeka mmoja, kila mmoja akiishika imani yake.

Jaribu kuwaza ugumu wa kazi ile. Wewe umezaliwa katika lugha za namna hii, nawe huoni ajabu kusema mtu na watu, kitu na vitu, mti na miti. Lakini mtu wa Ulaya amezoea kwamba neno hubadilika mwishoni. Huku kwetu hubadilika mwanzoni; na neno moja likibadilika, hulivuta na jirani yake: kitu kizuri kimeanguka, vitu vizuri vimeanguka. Tena hapakuwa na kamusi ya kufungua wala kitabu cha sarufi kilichopigwa chapa. Hapakuwa na njia nyingine ila kumwuliza mtu, kusikiliza, kuandika, kukosea, kuchekwa, na kuuliza tena. Kuuliza si ujinga, nasi twajua. Lakini kuuliza kwahitaji moyo mnyenyekevu, hasa kwa mtu aliyekuja akijihesabu kuwa mwalimu.

Kazi ilipoanza kupendeza, msiba ukaingia. Mvua za masika zilikuwa zimepita na kuacha maji yaliyotuama, na mwezi wa Julai homa iliwashika wote wawili. Siku hizo hakuna aliyejua sababu ya malaria. Wengi waliamini kwamba inatokana na hewa mbaya ya vinamasi, na haikuthibitishwa mpaka mwaka 1897, Ronald Ross alipoonyesha huko Bara Hindi kwamba mbu ndiye anayeibeba. Rosine alikuwa mja mzito. Akajifungua mtoto wa kike katikati ya homa, na siku chache baadaye akafa. Krapf alilala kitanda cha pili, mdhaifu hata alipata taabu kuinuka na kuhakikisha kwamba mkewe ameaga dunia. Mtoto naye akamfuata mamaye. Hapo walikuwa hawajakaa Mombasa miezi mitatu.

Rosine aliomba jambo moja kabla ya kufa. Hakutaka kuzikwa kisiwani. Alitaka azikwe bara, mahali wapitapo Mijikenda wakija mjini, ili kaburi lake liwakumbushe kwa nini yeye na mumewe walikuja. Na ndiyo maana, msomaji, ukitaka kuliona kaburi lile leo huna budi kuvuka maji.

Huenda utauliza: Je, ilikuwa haki kumleta mwanamke mja mzito katika nchi yenye homa, baada ya kufiwa na mtoto mmoja jangwani? Swali hilo ni zuri, wala si dhambi kuliuliza. Wasifu wengi wa wamishonari hulipita upesi, kana kwamba mauti ya wake zao ni sehemu ndogo tu ya kazi. Mimi naona afadhali tusimame hapo kidogo. Rosine naye alikuwa na wito wake mwenyewe, na ombi lake la mwisho laonyesha hivyo. Lakini jina lake halikuwekwa juu ya kamusi wala juu ya mlima. Katika hesabu ya siku zile za kwanza, aliyelipa kuliko wote ndiye huyo ambaye historia imemtaja kidogo kuliko wote.

Krapf aliandika barua kwa waliomtuma. Katika kulia kwake hakuwaomba wamrudishe. Aliwaambia kwamba kaburi lile moja katika pwani ya Afrika ni dalili kuwa vita vimeanza na upande huu wa ulimwengu, na kwamba hatua za ushindi hupita juu ya makaburi. Hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye imani kali sana. Kisha akarudi kwa kadhi, akaketi tena mkekani, akaendelea kuuliza maneno.

Alikaa peke yake karibu miaka miwili. Muda huo alitembea katika vijiji vya Mijikenda vilivyo nyuma ya Mombasa, akajifunza na lugha yao. Watu hao yeye aliwaita Wanyika, kama walivyoitwa na watu wa pwani, maana yake watu wa nyikani, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Sisi leo twawaita kwa jina lao, Mijikenda, yaani miji tisa. Tarehe 10 Juni 1846 akafika mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka nchi ile ile ya Württemberg. Naye hakukawia kushikwa na homa.

Wote wawili wakatafuta ruhusa ya kukaa Rabai, juu ya kilima kipatacho kilomita ishirini kaskazini magharibi ya Mombasa, penye hewa njema kuliko kisiwani. Nasema ruhusa, na neno hilo lina uzito. Siku hizo hapakuwa na gavana Mwingereza wa kuwalazimisha watu, wala askari wa kuwapigania wageni. Nchi ilikuwa ya wenyewe, na shauri lilikuwa la wazee. Warabai waliishi katika kaya, mji uliozungukwa na msitu, ambamo hakuna aliyeingia ila kwa lango na kwa desturi. Wazee wakaketi, wakashauriana, wakakubali kwamba wageni wajenge karibu na Mudzi Muvya, yaani Mji Mpya. Tarehe 25 Agosti 1846 wamishonari walihamia huko. Siku hiyo Krapf alikuwa na homa, akapanda kilima juu ya punda. Hivyo ndivyo misheni ya Rabai ilivyoanza: kwa mgonjwa, punda, na neno la wazee.

Kwa nini wazee walikubali? Bila shaka walikuwa na sababu zao. Watu wa bara walizoea kupokea wageni na kufanya biashara nao. Pengine waliona faida katika kuwa na Wazungu waliojuana na Sayyid. Krapf alitumaini kwamba kukubaliwa kukaa ni mwanzo wa kukubaliwa kwa mahubiri. Haikuwa hivyo. Wazee walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na desturi zao. Miaka ikapita na waongofu wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wa kwanza alikuwa Mringe, mtu aliyelemaa mwili, maskini, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa mtu mkubwa. Yeye ndiye aliyeketi na wageni akataka kujua. Krapf mara nyingine alikasirika kwa kutosikilizwa, na katika maandishi yake yako maneno makali juu ya mila za wenyeji, maneno ambayo msomaji wa leo hawezi kuyakubali. Alijifunza lugha yao vizuri kuliko alivyojifunza kuiheshimu hekima iliyokuwa ndani ya lugha hiyo.

Na sasa turudi kwenye ramani. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf, alipokuwa Kitui kwa Kivoi, mkubwa na mfanyi biashara mashuhuri wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Wataalamu wa Ulaya wakacheka, wakisema haiwezekani theluji kuwako chini ya ikweta. Lakini Wachaga na Wakamba hawakuhitaji kuambiwa. Milima ilikuwa kwao, yenye majina, tangu zamani. Mwaka 1856 Ulaya ikapokea ramani iliyochorwa na Rebmann na mwenzake Erhardt kwa habari walizopewa na wasafiri wa misafara, ikionyesha ziwa moja kubwa mno barani. Haikuwa sahihi, kwa maana maziwa ni matatu na wao waliyaunganisha. Lakini kwa sababu ya habari hizo Burton na Speke walianza safari yao mwaka 1857. Waliofuata walikuja na nia nyingine. Mwaka 1895 Waingereza wakaitangaza nchi yetu kuwa chini yao.

Je, tumlaumu Krapf kwa hayo? Yeye alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal, Ujerumani, kabla nchi hii haijatwaliwa, wala hakuja na bunduki ya mfalme yeyote. Lakini ni kweli pia kwamba kila alichoelezwa na wenyeji kwa wema, majina ya mito, njia za misafara, mahali pa milima, hakikubaki kwake peke yake. Pale peupe alipopaona katika ramani ya utoto wake pakajazwa, na aliyejaza si ndiye aliyetumia. Haya ni mambo mawili yaliyo kweli kwa pamoja, nami nakuachia wewe uyapime.

Tena iko faida ambayo hata leo hatuwezi kuikana. Mwaka 1850 Krapf alichapisha huko Tübingen kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huo huo kitabu cha maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, akazipanga pamoja Kiswahili, Kikamba, Kipokomo na nyingine, ili udugu wa lugha zetu uonekane. Alipeleka Ujerumani maandishi ya tenzi za kale, yakahifadhiwa huko. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Ndani yake mna maneno ya Kimvita ya wakati ule, na mifano ya mazungumzo ya watu ambao majina yao hatuyajui. Lugha ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa baadaye, katika miaka ya 1928 hadi 1930, kuwa Kiswahili sanifu. Lakini mtaalamu atakaye kujua Mombasa ilisemaje siku za babu wa babu zetu, mpaka leo huifungua kamusi ile. Jembe alilopewa na kadhi lililima shamba refu.

Na huko Rabai, mbegu ndogo ilikaa. Katika miaka ya 1870, misheni ile pamoja na Freretown, iliyoanzishwa mwaka 1875 upande ule ule wa bara ulio na kaburi la Rosine, vilikuwa makao ya watumwa waliokombolewa. Rebmann alikaa Rabai mpaka mwaka 1875 akawa kipofu, asiondoke. Siku hizi iko makumbusho pale, na misitu ya kaya imeandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa ulimwengu. Ukienda utaona vyote viwili, kanisa na kaya, vikikaa juu ya vilima vya jirani.

Kabla sijaweka kalamu chini, niruhusu nikueleze jambo langu mwenyewe. Nilipomaliza masomo katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha mbali na kwetu, ambako watoto walisema lugha nisiyoijua. Nilifika na vitabu vyangu na cheti changu. Juma la kwanza nilirudi nyumbani kila jioni nikinung'unika kwamba watoto wale ni wazito wa akili, maana nikiuliza hawajibu. Mlinzi wa shule, mzee asiyejua kusoma, akanisikia. Akaniambia, "Mwalimu, watoto wanakujibu. Wewe ndiye hujawasikia." Niliona haya sana. Tangu kesho yake nilimwomba mzee yule anifundishe maneno matano kila jioni, akanifundisha, akacheka kila nilipokosea, nami nikacheka naye. Nilipoisoma habari ya Krapf na kadhi, nilijua mkeka ule; nami nimeukalia.

Wewe nawe, msomaji, siku moja utakuwa mgeni. Utaitwa kazini katika wilaya nyingine, au utakwenda kusoma ng'ambo, au utaolewa mbali na kwenu. Usiende na mikono iliyojaa vitu vya kutoa tu. Acha mkono mmoja mtupu, upate kupokea jembe. Na wakija wageni kwako, wapokee kama kadhi na wazee wa Rabai walivyopokea, kwa adabu na kwa macho yaliyofunguka, ukijua ni nini unachowapa na kinakwenda wapi.

Na ukifika Mombasa, vuka maji. Tafuta kaburi lile, usome jina la Rosine, ukae kimya kidogo. Hicho ndicho alichoomba: ajulikane alikuja kwa ajili gani, na apitaye asipite bila kuuliza.